Maswali ya Wasomaji: Pikapu Kuukuu na Mafuta Yanayovuja

Barua za mwezi huu zimenuka dizeli, na chache petroli. Nyingi zinahusu pikapu zilizopita miaka 25: Hilux, Hardbody, Isuzu na L200 ambazo injini bado ina nguvu za kupanda mlima lakini paipu na mipira ya mafuta imechoka. Tumechagua nane. Majina ya waandishi tumeyaacha, tumebakiza mahali.

Swali: Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli ya mwaka 1994, hubeba chumvi kutoka Ziwa Katwe kwenda Kasese na Fort Portal. Paipu ya mafuta inayopita kwenye chesisi ilitoboka karibu na ekseli ya nyuma. Gereji ilikata kipande kilichooza na kuunganisha kwa mpira na klipu mbili. Wiki tatu baadaye ikatoboka tena, sentimita 40 mbele yake. Sasa nina viungo vitatu na vyote vinatoa jasho. Nibadilishe paipu nzima? Naweza kuifanya kazi hii mwenyewe? (Katwe-Kabatoro)

Badilisha nzima, na ile ya pili iliyo kando yake pia. Paipu kubwa inapeleka dizeli kwenye injini, ndogo inarudisha dizeli inayobaki kwenye tangi. Zote mbili zimefungwa siku moja, zimeloa maji yale yale ya chumvi, na zimekaa ndani ya vishikizo vile vile. Ukiiacha ya kurudisha utarudi chini ya gari kabla ya mwaka kwisha.

Paipu haiozi sawasawa. Huoza ndani ya vishikizo na juu ya ekseli, mahali ambapo tope hujibana na haliwahi kukauka. Kishikizo kikicheza, rangi ya paipu hukwanguka; chumvi ikikaa hapo kutu hula kutoka nje kwenda ndani. Kwa hiyo tundu unaloliona lina wenzake wanaolifuata. Fundi akikata kipande na kuvalisha mpira juu ya chuma chenye vidonda vya kutu, klipu haiwezi kubana sawa, na ndiyo maana viungo vyako vinatoa jasho.

Kuhusu paipu ya kununua: kwa pikapu nyingi za aina hii ya kupeleka ni milimita 8 upande wa nje na ya kurudisha ni milimita 6, lakini pima yako kwa venia (kipimio cha kubana cha milimita) kabla ya kwenda dukani. Chukua paipu ya chuma yenye mipako miwili, zinki na plastiki juu yake. Kwa mtu wa chumvi kama wewe, aloi ya shaba na nikeli inayouzwa kwa roli kwa kazi ya breki inafaa pia, mradi upate upana sahihi. Haishiki kutu na inakunjika kwa urahisi. Urefu upime kwa waya wa umeme ukifuata kila kona ya paipu ya zamani, kisha ongeza sentimita 30. Mara nyingi ni kati ya mita 2.5 na 3.5 kwa paipu moja.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili na siku nzima. Jioni ya kabla yake paka mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote. Tumia gari hadi tangi libaki chini ya robo. Simamisha mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, toa waya hasi wa betri, na egesha chesisi juu ya stendi au magogo mapana. Jeki peke yake si ya kulalia chini.

Anzia kwenye tangi. Chomoa mpira mfupi unaounganisha tangi na paipu na uuzibe kwa bolti inayouingia kwa kubana, beseni likiwa chini. Mpira ukiwa umeganda usiuvute kwa koleo, utapinda kijipaipu cha tangi. Uchane kwa kisu kwa urefu na uubandue, maana hata hivyo unaubadilisha. Fanya hivyo upande wa injini. Penye nati tumia spana ya pete iliyokatwa upande mmoja, ile ya nati za breki. Spana ya kawaida huvingirisha kona za nati kuukuu. Izungushe nusu, irudishe, izungushe tena.

Itoe paipu ya zamani ikiwa nzima kadiri unavyoweza, kwa sababu ndiyo ramani yako. Ilaze juu ya ubao na ukunje mpya ukiifuata. Tumia kikunjio cha paipu; kona isiwe kali kuliko mara tatu ya upana wa paipu. Wapo wanaojaza mchanga ndani ya paipu ili isibonyee wakati wa kukunja. Kwa paipu ya mafuta usifanye hivyo hata kidogo: punje mbili zikibaki zitaenda hadi kwenye pampu ya injekta, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, na pampu hiyo ina bei kuliko paipu za pikapu kumi.

Kata kwa kisu cha paipu cha kuzungusha. Msumeno huacha unga wa chuma ndani. Kama huna kingine, kata, lainisha mdomo kwa tupa ukielekeza paipu chini, kisha pitisha waya wenye kitambaa kilicholowa dizeli na upulize kwa pampu ya baiskeli. Halafu kuna hatua inayorukwa na wengi. Mwisho wa paipu unaoingia kwenye mpira lazima uwe na kivimbe, kama pete iliyotokeza kuzunguka mdomo. Kifaa cha kupanulia midomo ya paipu za breki kitakipiga: fanya hatua ya kwanza tu, ile inayotokeza kiputo, uache hapo. Bila kivimbe mpira utateleza na kuchomoka siku moja, hata klipu ikazwe vipi.

Ziba midomo kwa utepe ukiwa unaipenyeza paipu juu ya chesisi, la sivyo itachota tope njiani. Kwangua na paka rangi mahali pa kila kishikizo, weka vishikizo vyenye mpira ndani kila baada ya sentimita 40 hadi 45, na grisi kidogo ndani ya kila kimoja. Paipu ikae angalau sentimita 10 kutoka kwenye eksozi, isifungwe pamoja na paipu ya breki, na isikae mahali ambapo ekseli itaigonga springi zikilala kwa mzigo. Hilo la mwisho likague mzigo ukiwa juu. Gari tupu hudanganya.

Usipeleke paipu ngumu hadi kwenye injini yenyewe. Injini inatikisika juu ya mipira yake, chesisi haitikisiki nayo. Kati yao weka mpira wa sentimita 15 hadi 25 ulio na ulegevu kidogo. Viungo viwe viwili tu, kwenye tangi na kwenye injini. Katikati pasiwe na kitu.

Baadaye, tandika turubai chini ya magunia ya chumvi, na ukishashusha mzigo mwaga maji baridi chini ya gari, hasa juu ya ekseli. Wanaobeba ng'ombe nao wasikie: mkojo unaopenya kwenye mbao za bodi hula chesisi na paipu kwa namna hiyo hiyo.

Swali: Nilinunua mpira wa petroli, mita mbili, kwa Nissan Hardbody yangu ya kabureta. Miezi mitatu haijaisha umevimba na kulainika kama andazi lililolowekwa kwenye chai. Muuzaji anasema ni wa daraja la kwanza. Nitajuaje mzuri? (Busia)

Uliouziwa yaelekea ni wa maji au wa hewa. Kwa macho yote ni mipira myeusi yenye nyuzi. Mpira wa asili na ule unaotengenezewa rejeta hunyonya petroli na kuvimba. Wa petroli hutengenezwa kwa mpira mwingine kabisa.

Soma maandishi ubavuni. Kwa kabureta tafuta SAE J30R7. Kwa injini ya injeksheni ni J30R9, kwa sababu pampu ya kabureta husukuma kwa baa (kipimo cha presha) 0.2 hadi 0.35 tu, wakati injeksheni huhitaji karibu baa 2.5 hadi 3. Mpira wa R9 unaweza kuuweka kwenye kabureta bila tatizo. Kinyume chake ni moto. Kuna R10 pia, na huo ni wa kuzama ndani ya tangi. Ule wa nje ukiuzamisha ndani ya petroli, ngozi yake ya juu huoza na kuchafua filta. Mpira usio na maandishi yoyote, au wenye maandishi yanayofutika kwa kidole, uache dukani.

Ukitaka uhakika, omba kipande cha sentimita tano kabla ya kununua mita mbili. Kipime, kitie kwenye chupa ya glasi yenye petroli kidogo, funga kizibo, iweke nje ya nyumba kwa siku mbili. Kikitoka kimenenepa, au petroli imegeuka nyeusi, umejibiwa. Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani: sheria ya nishati-mimea ya Uganda ya mwaka 2020 imeweka utaratibu wa kuchanganya ethanoli na mafuta tunayonunua vituoni, na ethanoli haina huruma kwa mpira wa kizamani.

Ukubwa nao uwe sawa na paipu. Paipu ya milimita 8 inavaa mpira wa 8. Wa 10 uliobanwa kwa klipu hufanya mkunjo, na mkunjo huo ndio njia ya petroli. Wa 6 uliolazimishwa hupasuka mdomoni. Pakaza tone la mafuta ya injini, sukuma hadi mpira umeze paipu sentimita 2.5, kivimbe kikiwa ndani. Klipu ikae nyuma ya kivimbe, milimita chache kutoka mwisho wa mpira, wala isikae juu ya kivimbe chenyewe. Nunua klipu ndogo yenye ukanda usiotobolewa na kingo zilizogeuzwa nje. Ile pana ya mipira ya rejeta, yenye matundu ya kushika skrubu, hukata mpira mdogo kama wembe. Kaza hadi mpira utokeze kidogo pembeni mwa ukanda, basi. Kesho yake rudi uiguse tena kwa bisibisi, maana mpira mpya hukaa.

Mpira ukilazimika kupinda, duara lake lisiwe dogo kuliko kisosi cha kikombe. Badilisha yote kwa pamoja, pamoja na ile mifupi iliyo juu ya tangi ambayo hakuna anayeiona.

Na kabla ya kushika klipu ya kwanza: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la gereji, na unawaka hata kwenye baridi ya Kabale. Kwa hiyo fanyia nje, injini ikiwa baridi, waya hasi wa betri ukiwa umetolewa. Sigiri ya mama anayepika chai jirani izimwe au wewe usogee mbali. Usimulike kwa balbu ya waya inayoweza kuanguka na kupasuka. Kizimamoto cha unga kiwe karibu, au mchanga mkavu kwenye ndoo. Maji hueneza petroli inayowaka.

Swali: Yangu ni ya petroli ya injeksheni. Kila nikichomoa mpira wa filta petroli inanirukia usoni. (Mukono)

Presha hubaki kwenye paipu hata baada ya kuzima. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, washa injini iache izime yenyewe, kisha piga stata sekunde tatu. Funika kiungo kwa kitambaa ndipo ulegeze. Vaa miwani.

Swali: Nikijaza tangi mjini Mbale na kupanda kwenda Kapchorwa, harufu ya petroli inajaa kabini. Likifika nusu harufu inakwisha. Chini hakuna tone. (Kapchorwa)

Paipu zako hazina kosa, kwa kuwa zingevuja wakati wote. Kinachovuja kiko juu ya usawa wa nusu tangi: mpira mnene unaotoka kwenye mdomo wa kujazia, mpira mwembamba wa kupumulia ulio kando yake, au gasketi ya kile kifuniko cha geji juu ya tangi. Kwenye mteremko petroli hukimbilia nyuma na kupanda hadi hapo.

Mpira mnene huchanika upande wa chini, usioonekana. Upapase kwa vidole mzunguko mzima ukitafuta nyufa. Gasketi ya geji ikatwe kutoka kwenye shiti ya koki (ile ya vizibo vya chupa) iliyochanganywa na mpira, ya kazi za mafuta. Karatasi ya kawaida haidumu, na silikoni ya madirisha huyeyuka ikawa ute. Skrubu zake zikazwe kwa kuruka, hii kisha ya mkabala wake, kama unavyokaza nati za gurudumu. Na kwa sasa usimruhusu mhudumu wa kituo aendelee kubonyeza baada ya pampu kujikata.

Swali: Hilux 2.8 ya dizeli. Asubuhi stata inazunguka hadi betri inachoka, ikishawaka inakohoa dakika mbili halafu inatulia. Chini ni pakavu kabisa. Makanika anasema pampu ya injekta imekwisha. (Arua)

Usikubali pampu ishushwe kabla ya vipimo vitatu ambavyo havifiki thamani ya chakula cha mchana.

Watu wengi hutafuta tone. Lakini kwenye dizeli hizi za zamani hakuna pampu ndani ya tangi inayosukuma. Pampu ya injekta yenyewe ndiyo inayovuta dizeli kutoka nyuma, kama mtu anayekunywa soda kwa mrija. Mrija ukiwa na ufa, soda haimwagiki, ila mnywaji anavuta hewa. Ufa mwembamba usioweza kupitisha dizeli kwenda nje unatosha kuingiza hewa. Usiku dizeli hurudi polepole kwenye tangi, na asubuhi pampu inaanza na paipu tupu.

Kipimo cha kwanza: badala ya mpira kati ya filta na pampu weka mpira mweupe unaoonyesha ndani, sentimita 15 hadi 20, kwa majaribio tu. Washa, subiri dakika moja hewa ya kufungua iishe, kisha pandisha mzunguko hadi kama 2,500 kwa dakika. Viputo vikiendelea kupita kama shanga, hewa inaingia nyuma ya hapo. Ukimaliza utoe, mpira huo hugeuka mgumu kama kijiti ukikaa na mafuta na kuchomoka wenyewe.

Kipimo cha pili: chukua jerikani ya lita tano yenye dizeli safi, ining'inize usawa wa injini, ingiza mpira kutoka humo moja kwa moja hadi mdomo wa kuingilia filta, na wa kurudisha uurudishe kwenye jerikani. Iache usiku kucha. Ikiwaka vizuri asubuhi, pampu haina kosa na ubovu uko kati ya filta na tangi. Ikikataa, hamishia jerikani mbele ya filta, moja kwa moja kwenye pampu. Ikiwaka hapo, mshitakiwa ni filta na kichwa chake.

Kwenye kichwa cha filta angalia pampu ya mkono: kiwambo chake hupasuka na utaona unyevu ukiiminya. Angalia kihisi cha maji chini ya filta na pete yake. Angalia pia kama pete ya filta ya zamani ilibaki imegandia juu na mpya ikakalia juu yake. Hili hutokea mara nyingi kuliko mafundi wanavyokiri.

Kipimo cha tatu hakihitaji chombo. Kama gari linawaka vizuri tangi likiwa limejaa na kusumbua likishuka chini ya nusu, kijipaipu cha kuvutia kilicho ndani ya tangi kimetobolewa na kutu. Juu ya tundu kuna hewa, chini yake kuna dizeli. Itabidi kile kifuniko chenye paipu kitolewe.

Ukishapata na kurekebisha, toa hewa. Legeza kiungo kinachoingia kwenye pampu, minya pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu, huenda mara 40 au zaidi, kaza, endelea kuminya hadi iwe ngumu. Kisha legeza nati za paipu za injekta nusu mzunguko, mwenzako apige stata si zaidi ya sekunde 10, pumzisha stata nusu dakika, rudia hadi zitoe dizeli, ndipo ukaze. Uso na mikono viwe mbali. Katika paipu hizo dizeli hupita kwa zaidi ya baa 100 na inaweza kupenya ngozi. Ukitafuta uvujaji hapo injini ikiwa inazunguka, pitisha kipande cha boksi, usipitishe kidole. Aliyechomwa na mkondo huo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kama cha sindano na hakiumi.

Vipimo vyote vikipita, pima plagi za kupashia moto kwa taa ya majaribio. Pampu ni ya mwisho kabisa kwenye orodha.

Swali: Fundi wa friji hapa mtaani ana paipu ya shaba ya saizi ile ile, laini, rahisi. Kwa nini nihangaike na ya chuma? (Masaka)

Kwa sababu friji hailali kwenye barabara ya changarawe. Shaba tupu ikitikiswa kila siku hugeuka ngumu, kisha hupasuka duara karibu na nati au kishikizo, kama waya unaokunjwa mara nyingi. Pia shaba huharakisha kuchakaa kwa mafuta yanayokaa ndani yake, na utando unaotokea huenda kwenye filta. Aloi ya shaba na nikeli tuliyomtajia msomaji wa Katwe ni kitu kingine: ina nguvu zaidi na huvumilia mtikiso. Mabati ya zinki ndani ya mfumo wa dizeli nayo hapana, zinki na dizeli hutengeneza sabuni inayoziba filta. Zinki ya paipu iwe upande wa nje tu.

Swali: Nimefungua zile bolti zenye tundu kwenye filta na kwenye pampu ya injekta ili kubadilisha mipira. Nimezirudisha na zinavuja zote. Nilizungushia utepe mweupe wa mabomba ya maji, bado. Na injini sasa inasumbua kuwaka. (Tororo)

Toa utepe wote kwanza, na uokote kila uzi. Bolti hizi hazizibi kwa meno ya skrubu. Zinaziba kwa washa mbili laini (pete bapa za chuma), moja chini ya kichwa cha bolti na moja chini ya kiungo. Utepe haufiki mahali pa kuvuja, na vipande vyake vikikatika huingia kwenye pampu.

Washa za aluminiamu zikishabanwa mara moja kazi yake imekwisha. Za shaba zinaweza kuokolewa: zipashe moto hadi ziwe nyekundu, zitumbukize kwenye maji, zisugue kwa msasa laini juu ya kioo, zitakuwa laini tena. Lakini bei ya mpya ni ndogo, nunua mpya. Zipime tundu na upana. Washa kubwa hukaa upande. Sugua na sura za kiungo, mkwaruzo mmoja wa bisibisi unatosha kuvuja.

Kuhusu kuwaka, tazama vichwa vya bolti mbili za pampu. Moja ina maandishi OUT. Hiyo ni ya kurudisha, na ndani yake kuna tundu dogo sana lililopimwa, linaloshikilia presha ndani ya pampu. Ukiiweka upande wa kuingilia, pampu inakosa dizeli na presha inapotea upande wa pili. Zibadilishane mahali na toa hewa kama tulivyoeleza hapo juu.

Swali: Tangi la pikapu ya petroli linatona kwenye mshono, na nipo safarini kati ya Moroto na Soroti mara kwa mara. Nifanye nini njiani, na je, nikifika nilichomelee? (Soroti)

Njiani, sabuni ya mche. Kausha mahali hapo, kata kipande kikavu, kisugue kwa nguvu ndani ya ufa hadi kijae. Petroli haiyeyushi sabuni, maji ndiyo huiyeyusha, kwa hiyo usipite kwenye dimbwi. Itakufikisha mjini. Tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwa kuzungushia haifai kwa petroli, inavimba na kulegea baada ya saa chache. Kwa dizeli huvumilia kidogo zaidi.

Kuchomelea ni jambo jingine. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na matone yaliyobaki kwenye mikunjo yanatosha kuufikisha hapo. Kuliacha wazi juani siku moja hakusafishi mikunjo. Anayelifanya ipasavyo hulitoa kwenye gari, huliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara kadhaa, hulipitishia mvuke wa maji, halafu hulijaza maji hadi chini kidogo ya mshono, tundu likiwa juu na midomo yote ikiwa wazi. Fundi asiyetaja maji kabla hujamwuliza, mshukuru na uondoke.

Kwa tone moja kwenye mshono uliobaki mzima, gundi ya epoksi ya matangi ya mafuta inatosha, juu ya chuma kilichosuguliwa hadi king'ae na petroli ndani ya tangi ikiwa imeshuka chini ya mahali pa kuvuja. Bonyeza bisibisi kuzunguka mshono kabla ya kuamua. Ikizama mahali pengine, chuma kimekwisha, na tangi zima la mtumba kutoka soko la vipuri la Kisekka, Kampala, litakugharimu kidogo kuliko viraka vitatu. Kabla ya kulilipia, tia lita mbili za maji ndani, litikise, na uangalie yanavyotoka: yakiwa mekundu kwa kutu, omba lingine.